Usome Kipi, cha Mfalme au cha Bunge?

Mjukuu wangu Zawadi, huko Houston,

Nakusalimu mimi babu yako, mzee mwenye bahati kuliko wazee wote wa Dallas: tangu nizaliwe sijashindwa mabishano. Bibi hajambo, mama yako yuko zamu hospitali.

Umeniuliza, kwa insha yako ya vita vya mfalme wa Uingereza na bunge lake, usome kitabu kipi: kinachomtetea mfalme au kinacholitetea bunge. Shuleni kwetu tulikuwa navyo vyote viwili, nakala mojamoja. Siku ya mdahalo nilisimama upande wa mfalme, kitabu chake nimekariri nusu, ile yenye picha. Nikanguruma weee! Upande wa bunge akainuka binti mmoja mwembamba.

"Ndugu msemaji, mbele kidogo kitabu chako hicho kinasema mfalme alilifunga bunge, kisha akaliita tena alipoishiwa fedha. Mbona hukufika huko?"

Darasa zima likacheka. Kumbe alivisoma vyote, na alianza na changu kwa sababu kilimuudhi.

Basi nawe anza na kinachokuudhi, insha itapata uti wa mgongo.

Binti yule yuko jikoni sasa hivi, ni bibi yako. Ile ya kutoshindwa mabishano ni uongo mtupu.