Vya Picha Tu kwa Madam Maxine

Manyatta, Embu
9 Machi 2025

Mpendwa Beth, mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini joto la Doha halijakumaliza na kwamba mgongo umepata nafuu. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, na mama sasa anafika kanisani bila mkongojo. Barua hii anakuletea Runji, anayerudi kazini huko Doha. Kwa simu ningefoka, nawe ungekata.

Ujumbe wako niliupata. Unataka nimrudishe Kiende kwa Madam Maxine haraka, kwa sababu kule anajifunza na hapa kwangu anacheza na mchanga tu. Beth, niliposoma hayo niliitupa simu kitandani. Keti nikueleze.

Nilipowatembelea kule Kinoru nilimpelekea mwanao mtoto wa bandia wa gunzi la mahindi, nimelivisha kipande cha leso yangu kuukuu. Akalipokea, akaliweka shavuni, akainamisha kichwa, akatabasamu meno yote nje. Akatulia hivyo. Kisha akanirudishia. Nikampa tena, akafanya vile vile. Mimi na mumeo Mugambi tulicheka mpaka machozi. Tulidhani ni maringo ya mtoto wa mjini.

Kesho yake, Alhamisi, Mugambi alikuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye niliyeenda kumchukua kule kwa Madam Maxine, kwenye kituo chake cha kulelea watoto. Hawakunitarajia mapema. Harufu ya mkojo ilinipokea mlangoni. Watoto walikuwa wamekalishwa juu ya poti, mstari mmoja kando ya ukuta, hakuna anayelia wala anayecheza. Msichana mmoja alikuwa akiwapangusa kamasi wote kwa kitambaa kimoja, akitoka pua hii akiingia ile. Hata leo nikikikumbuka kile kitambaa, chai haipiti kooni.

Na yale matofali ya rangi, zile pete za kupanga, kile kingoma, vyote unavyoviona kwenye picha anazokutumia Madam kila Ijumaa, vilikuwa juu kabisa, vimetundikwa kwenye misumari ndani ya nailoni. Nikamwuliza Madam mbona watoto hawapewi. Akanijibu bila haya:

"Hizo ni za picha tu, mama. Wakizishika zinachafuka, na wazazi hawapendi kuona vitu chafu."

Hapo ndipo nilipolielewa tabasamu la Kiende. Mtoto hajafika hata miaka miwili, na amefundishwa kwamba kitu cha kuchezea hushikwa, hupigwa picha, kisha hurudishwa. Hayo ndiyo masomo unayoyalipia. Nilitamani kutema mate pale pale sakafuni, na si kwa sababu ya mkojo.

Nilipomweleza Mugambi, alifungua simu akazitazama zile picha moja baada ya nyingine. Halafu akasema, "Mama Ngari, enda na yeye."

Wiki ya kwanza hapa, kila nilichompa alikiweka shavuni, akatabasamu, akanirudishia. Hata kijiko cha uji. Nililia, Beth, halafu nikamtukana yule mwanamke peke yangu jikoni.

Sasa tuje kwenye mchanga wako. Ndiyo, anacheza na mchanga. Anajaza kikombe, anamwaga, anajaza tena, na ole wako umwondolee. Anapiga sufuria kwa mwiko mpaka mama anaziba masikio. Anatumbukiza majani kwenye karai la maji, kisha mawe, anakaa akishangaa mbona haya yanaelea na yale yanazama. Mimi sikumfundisha. Anachafuka kuliko nguruwe, na jioni namwosha.

Sitamrudisha mpaka uje umchukue mwenyewe. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Mama anakusalimu sana, na mwanangu Ngari pia, na Susan jirani anauliza utakuja lini. Mungu akufunike huko uliko na akurudishe salama.

Nilitaka Runji akuletee lile gunzi uliweke karibu na kitanda chako. Leo baada ya ibada nilimnyooshea Kiende mkono anipe. Akanitazama, akalificha mgongoni, akasema, "Yangu." Nikaomba tena. Akakimbilia kwa nyanyake nalo, akaketi chini, akaanza kulitafuna kichwa. Kwa hiyo Runji anakuja mikono mitupu. Picha pia sikupiga.

Ni mimi dadako, ninayekupenda hata nikiwa nimekunja uso,
Ciakuthii