Tarehe Chini ya Karatasi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Printa imekataa tena. Nimekagua waya, karatasi na wino. Vyote viko sawa. Kompyuta inasema printa haipo, na printa iko hapa, karibu na kiwiko changu. Kosa ni langu. Wiki iliyopita kompyuta ilinialika niweke programu mpya, nikakubali bila kusoma hadi mwisho. Mwanafunzi wangu angeadhibiwa kwa uzembe kama huo.

Kerubo amekuja asubuhi kuomba nakala tatu za kumbukumbu za mkutano wa Agosti. Katika mkutano huo wazee walimthibitishia shamba la chai la marehemu mumewe, Ombati. Niliandika mimi kumbukumbu hizo, kwa sababu ndimi mwenye kompyuta hapa kwetu. Nakala yake ilinyeshewa. Sasa shemeji yake, Nyakundi, anadai shamba ni lake, na naibu chifu atawasikiliza Jumapili. Ningeweza kumpa nakala iliyo kwenye faili langu akaitoe kivuli mjini Ekerenyo. Sitoi faili langu. Nimemwambia arudi kesho.

Mawingu saa nane. Nimechomoa waya ukutani, kama kila siku. Radi ya huku haina mzaha.

Jumanne, 4 Machi

Nimefuta kazi zote zilizokwama kwenye foleni. Nimezima, nimewasha. Nimeweka programu upya mara tatu. Kila mara inafika katikati na kunipa maneno yale yale: cheti chake hakijaanza kutumika. Upuuzi mtupu. Programu ninayo tangu wiki jana.

Kerubo amerudi. Hakutaka kuketi. Anasema Nyakundi anatembeza nakala yake ya kumbukumbu kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Watu wanaisoma, kisha wanamgeukia yeye na kunyamaza. Hajui wanaona nini. Nimemwambia hakuna cha kuona. Kumbukumbu zile hazina kosa hata moja.

Jioni, watu wawili niliowafundisha walivuka barabara waliponiona. Hawakunisalimu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipeleka kompyuta Kisii kwa Zuhura, fundi ambaye duka lake liko nyuma ya soko. Aliifungua, akacheka.

"Mwalimu, hii mashine iko mwaka gani?"

Nikamwambia niliinunua nilipostaafu.

"Siulizi hivyo. Yenyewe inadhani iko mwaka gani? Hebu ona."

Kwenye pembe ya kioo: 1 Januari 2009. Sikuwahi kuangalia pale. Nina saa ya ukutani.

Akanionyesha betri ndogo, ya mviringo, kama sarafu. Imekufa zamani. Ndiyo inayotunza saa umeme ukikatika. Kila ninapochomoa waya kwa kuogopa radi, kompyuta inarudi siku ile ile. Ndiyo maana programu mpya inakataa: kwa hesabu ya kompyuta, haijatengenezwa bado.

Alishika betri mpya tayari kuiweka. Ndipo nikakumbuka. Mwaka jana nilijifundisha kuifanya kompyuta iandike tarehe yenyewe chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo. Niliona ni unadhifu. Nilimshika Zuhura mkono. Nikamwambia angoje. Betri nimekuja nayo mfukoni.

Nyumbani nimefungua faili. Chini ya kumbukumbu: 1 Januari 2009. Na juu, kwa maneno yangu mwenyewe: Kerubo, mjane wa marehemu Ombati.

Ombati alifariki miaka mitatu iliyopita.

Mimi ninayesoma kila herufi ya wengine. Ninaogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa najua wanachosoma. Karatasi inamwita mjane mwanamke ambaye tarehe ile mumewe alikuwa hai na mzima, akichuma chai. Nyakundi hasemi tu kwamba karatasi ni ya uongo. Anasema kifo kiliandikwa kwanza, kisha mtu akafa. Na anataja aliyeandika.

Mtu amepita langoni kwangu akasema omorogi, mchawi. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayetaja jina la duka. Sikumwona uso.

Kerubo alinipeleka nyuma ya nyumba yake. Matita matatu ya nyasi kavu yameegemezwa ukutani, chini ya dirisha la chumba anacholala. Yeye hakuyaweka. Majirani hawakuona mtu. Hana ng'ombe; nyasi hizo ni za kuwashia moto.

Nimemwambia alale kwangu. Amekubali upesi mno.

Ijumaa, 7 Machi

Zuhura amenipigia simu. Nilikuwa nimemweleza yote.

"Mwalimu, ni kazi ya dakika kumi. Weka betri, rekebisha tarehe, chapisha upya. Sahihi tunazihamisha kwa mashine. Nani atajua?"

Sikukataa papo hapo. Na niandike ukweli: nilitaka kufanya hivyo. Mzee Onsongo aliyekuwa mwenyekiti alifariki Novemba. Hawezi kutia sahihi tena. Ningemsainisha maiti. Basi wangekuwa na haki ya kuniita jina lile.

Nimekataa. Zuhura akasema, "Haya, shauri yako, mama."

Jambo la pili ni gumu zaidi. Nikiweka betri mpya, ugonjwa wa kompyuta utapona na ushahidi wangu utakwisha. Lazima Jumapili kompyuta iwe bado mgonjwa, na lazima ichapishe. Programu mpya haikubali tarehe ile. Ya zamani ilikubali. Nimeitafuta sidii ya programu hiyo asubuhi nzima. Nimeipata ndani ya kitabu cha nyimbo, imekwaruzika.

Nimeondoa programu mpya. Nimechomoa waya wa printa, nimewasha upya, nimeingiza sidii. Ilikwama mara mbili. Nimeifuta kwa kitambaa laini. Mara ya tatu ilifika mwisho. Karatasi ya majaribio imetoka ikiwa na mistari, lakini inasomeka. Nimemaliza kabla jua halijazama. Sabato imeingia.

Jumamosi, 8 Machi

Kanisani. Benchi letu lilikuwa na watu wawili, mimi na Kerubo. Lina nafasi ya watu saba. Mhubiri alitupita kwa macho.

Jumapili, 9 Machi

Walikuja saa tisa, sebuleni kwangu. Naibu chifu, wazee wawili, Nyakundi, na mkaza mwanawe akiwa amembeba mtoto. Wengine walisimama nje. Niliwahesabu kupitia dirishani nikaacha walipozidi ishirini. Wawili walikuwa na mapanga. Huenda walitoka shambani.

Nilisema kosa langu kwanza, nikiwa nimesimama. Kisha nikachomoa waya mbele yao, nikaurudisha. Nikamwambia Nyakundi achague maneno yoyote, nami nitayaandika.

"Andika mjukuu wangu," akasema. "Kemunto. Alizaliwa Krismasi iliyopita. Tuone kama hicho kitu chako kitamjua."

Niliandika: Kemunto, mjukuu wa Nyakundi, yupo hapa leo, amebebwa na mama yake. Nikamwomba naibu chifu abonyeze kitufe mwenyewe.

Printa ilinyamaza. Nilisikia mtu mlangoni akivuta pumzi. Nikafungua foleni: kazi moja, inangoja. Nilipochomoa waya wa umeme, nililegeza ule wa printa nyuma. Nikaubana. Ikaanza kunguruma.

Naibu chifu aliisoma karatasi hadi chini. Akaisoma tena kwa sauti, pamoja na tarehe. Kisha akamgeukia Nyakundi.

"Mzee, huyu mjukuu wako ana miaka kumi na sita. Mbona bado ananyonya?"

Mkaza mwana ndiye aliyecheka kwanza, akaziba mdomo. Kisha wazee. Kisha kicheko kikatoka nje na kuzunguka nyumba. Nyakundi hakucheka. "Lakini mashine ni yake," akasema. "Inasema anachotaka."

Naibu chifu alichukua kumbukumbu za Agosti, akakata ile tarehe kwa kalamu, akaandika ya kweli, akatia sahihi. Wale wazee wawili, waliokuwapo Agosti, wakafanya vivyo hivyo. Shamba ni la Kerubo.

Nyakundi alikunja karatasi yenye jina la mjukuu wake na kuitia mfukoni. Ningependa ingebaki kwangu; nayo ina tarehe ile chini.

Jumatano, 12 Machi

Nimeweka betri. Nimerekebisha saa, nimechomoa waya, nimerudisha. Tarehe imesimama. Nimeiondoa chini ya kurasa zote hata hivyo.

Kerubo amerudi kwake jana. Leo amechuma chai. Nimemwona kutoka hapa, kikapu mgongoni, peke yake kati ya safu. Mtu mmoja amemsalimu kutoka barabarani. Wengine wamepita.

Matita ya nyasi hayapo tena. Hakuna aliyeona yakiondolewa, kama ambavyo hakuna aliyeona yakiletwa. Chini ya dirisha pamebaki majani ya manjano.

Nimeandika tarehe ya leo kwa mkono wangu. Nimeisoma mara mbili.