Nalilalia Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka kwa Mwenye Maduka nimenywea. Yule mama ana maduka ya fanicha karibu kila mtaa. Akiyapokea magodoro yetu, kiwanda cha Baba kinapona. Akiyakataa — Baba ameshasema mwenyewe, mashine ya kukatia sponji inauzwa, na kila mtu atajua pa kwenda.

Sasa mtu huyo hakugusa hata sampuli! Nimebeba sampuli begani kama mchukuzi, yeye anawaita wateja waliokuwa wanapita dukani. Godoro la baba yake huyu likoje? Wa kwanza: laini, unazama. Wa pili: gumu, dawa ya mgongo. Wa tatu akafikiri kidogo. Aa, la yule mzee anayekuletea mwenyewe, halafu analilalia kwanza mlangoni kwako!

Mwenye Maduka alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. Atauliza tena mwisho wa mwezi, akasema, na akisikia kila mtu na lake, tusisumbuane.

"Laini" najua imetoka wapi. Kaka yangu — mtaa mzima unamwita Spika — anaendesha gari la kupelekea mizigo, lenye kipaza sauti juu, na humo hutia chumvi anavyotaka. "Gumu" ni la Shangazi, anayepokea simu. Na kwenye kava imeandikwa Fahari ya Nyumba, maneno aliyojitungia mchapaji kwa sababu sisi tulisahau kumpelekea yetu. Godoro moja, midomo chungu nzima. Na mimi ndiye niliyesomea masoko! Aibu tupu.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha ukoo, juu ya magodoro, maana viti vya ofisini vimejaa mafaili. Kikao cha kulalia ni kigumu kukiongoza. Spika alianza kusinzia kabla sijafungua mdomo.

Nikasema: redio, bango, gari, simu, kava, risiti — vyote viseme jambo moja. Shangazi akaniuliza kama sisi ni kasuku. Ndiyo, Shangazi, mwezi huu sisi ni kasuku! Basi vita. Spika anasema maharusi wanataka laini. Shangazi anasema hajawahi kupigiwa simu na harusi, yeye anapigiwa na migongo. Baba anachuna nyuzi kwenye mkono wa shati.

Nikamkumbuka yule mteja wa tatu. Maana ni kweli, Baba hufanya hivyo. Akifika kwa mteja anavua viatu, anajinyoosha hapo hapo mlangoni, mikono kifuani, macho kafumba. Watoto wa watu wanakusanyika kumchungulia. Halafu anainuka, anajikung'uta, anasema: haya, karibuni. Hakuna tangazo linaloshinda hilo, na tumekuwa nalo bure miaka yote!

Nikaandika ubaoni: NALILALIA MWENYEWE.

Spika alizinduka. Shangazi aliyasema yale maneno kwa ile sauti yake ya simu, mara kadhaa, akasema yanakaa mdomoni. Mashallah, hata wakata sponji kule nyuma, wachinjaji tunavyowaita, walipiga makofi.

Baba akakohoa. Akasema anakwenda kuangalia sponji. Sponji alishaiangalia asubuhi. Namjua mzee wangu, hapendi kusifiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Bango limepanda! Baba mkubwa kuliko duka la dawa, kalala na koti lake jeusi, tulimpiga picha karakanani. Mwenyewe kapita chini yake akitazama ardhi.

Kava jipya limetoka, risiti zimetoka, tangazo la redio limeanza. Shangazi kaishika kazi kupita kiasi. Leo kapokea simu: "Nalilalia mwenyewe, nikusaidie nini?" Kumbe mtu kakosea namba. Kakata haraka sana.

Na Spika! Nimemsikia kutoka mtaa wa pili: analilalia mwenyewe, jamani, na nyinyi njooni mlilalie naye! Nimekimbilia gari kwa miguu. Nimemnyang'anya kipaza sauti. Anasema namnyima ubunifu. Ndiyo, nakunyima. Sema hayo hayo tu.

Ijumaa, 14 Machi

Saluni. Nimewauliza akina dada walio chini ya mashine za kukaushia nywele, bila kujitaja. Wameitikia kama waliokubaliana: la yule mzee anayelilalia mwenyewe. Kwa fundi simu, vilevile. Kwa muuza viatu, vilevile, na akanionyesha jinsi ya kuweka mikono kifuani!

Nimefika nyumbani naimba. Sijui kuimba. Nimeimba tu.

Jumanne, 18 Machi

Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi kaja kiwandani. Anataka kurusha matangazo moja kwa moja Ijumaa — kutoka chumbani kwa Baba! Wasikilizaji wanauliza, mzee analilalia kweli? Atuonyeshe. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Nimempigia Mwenye Maduka papo hapo. Kasema atasikiliza, na akiridhika hatangoja mwisho wa mwezi.

Baba kaacha chai ikapoa. Wakati wa kula akasema chumba chake hakifai kwa wageni, hakijapakwa rangi. Rangi tu, Baba? Kesho fundi anakuja! Shangazi kamtazama kaka yake, kisha kaondoa vyombo kabla hatujamaliza kula. Si kawaida ya Shangazi.

Nimewaza baadaye: mara ya mwisho kuingia chumba kile ni lini? Tulilelewa hivyo. Kwa wazazi unabisha hodi na unaishia mlangoni. Na tangu Mama atutoke, hata kubisha tumeacha. Baba hufua shuka zake mwenyewe, hutandika mwenyewe, hufunga mlango.

Jumatano, 19 Machi

Eh, Mungu wangu.

Nimeingia na fundi rangi. Tumeshika kitanda tukisogeze. Shuka ikavutika. Si godoro letu! La zamani, la pamba, limefifia, na pembeni lina nembo kubwa ya wale wapinzani wetu wa upande wa pili wa mji. Mzee wa bango! Mzee wa Nalilalia Mwenyewe! Nikaangua kicheko, nikashika ukuta, fundi rangi naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Kisha nikaona. Godoro limebonyea mabonde mawili. La huku la Baba. La kule limebaki na mto wake, foronya imenyooshwa, yenye maua aliyoyatarizi Mama mwenyewe. Hakuna aliyelala pale, na pametandikwa vizuri kuliko upande wa Baba.

Kicheko kikanifia mdomoni.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Mlangoni pa chumba chake mwenyewe, kama anayebisha hodi. Akasema godoro lile alilichagua Mama, kabla kiwanda hakijawa hata wazo. Akasema hajamdanganya mteja yeyote, kila mlango aliolala alilala kweli. Halafu, taratibu: "Mama yako alikuwa hapa, mwanangu. Likitoka, nikigeuka usiku sijui nitageukia wapi."

Nimelia. Fundi rangi kajifanya anakwangua ukuta, mahali alipokwisha kukwangua.

Nilihoji saluni, nilihoji fundi simu, nilihoji hadi muuza viatu. Baba yangu mwenyewe sikumuuliza analala wapi!

Alhamisi, 20 Machi

Kikao kingine, bila Baba. Shangazi alijua! Siku zote alijua. Kwa nini hakusema? Anasema hakuulizwa, na mimi nilikuwa na kasi ya mtu anayefukuzwa na nyuki.

Nikataka kughairi. Shangazi akanikumbusha Mwenye Maduka, mashine, na wale wachinjaji wa sponji wenye watoto shuleni. Spika ana mpango: alfajiri tulitoe la zamani, tuliweke letu, kipindi kikiisha tulirudishe. Asubuhi moja tu. Nani atajua?

Mimi nitajua. Nikakubali hata hivyo. Nilipomweleza Baba alisema, "Fanyeni mnavyoona." Bora angenifokea.

Najichukia leo, basi.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika juu ya goti, kwenye kona ya chumba cha Baba, wimbo unapigwa redioni. Ukiisha tunarudi hewani.

Letu liko koridoni, limeegeshwa ukutani na nailoni yake. Halijaingia! Spika na mchinja sponji walifika mapema, mikono tayari. Baba alikuwa ameketi juu ya lile la zamani, kavaa koti la kwenye bango. Hakukataa. Alisema tu, ngojeni kidogo. Tukangoja. Nani amwinue? Tumengoja mpaka tukasikia gari la redio nje, na mtangazaji kaingia na nyaya zake anasifia rangi ya ukuta.

Alianza vizuri. Mzee, unalala? Baba: nalala sana. Unakoroma? Baba: aulizwe jirani. Mtangazaji kacheka, kasema baada ya wimbo huu mzee atatufunulia godoro lenyewe, msiende mbali!

Spika yuko dirishani, ananong'ona kwa nguvu kuliko kipaza sauti. Mwenye Maduka kapiga simu — kafungulia redio katika maduka yake yote. Shangazi yuko nyuma ya Spika, ananionyesha kwa mikono: funika, funika.

Nembo ya wapinzani imetokeza pembeni, inanikodolea macho. Nimepiga magoti. Nimeifunika kwa pindo la shuka, nikalichomeka. Mimi, wa vyote viseme jambo moja! Mtangazaji alikuwa anachezea nyaya, hakuona.

Baba kaona. Kainama, kalichomoa lile pindo, kalikunja juu. Nembo yote nje. Kavua viatu, kavipanga. Kajilaza kwenye bonde lake, mikono kifuani, macho kafumba — vilevile kama mlangoni kwa watu. Upande wa Mama kauacha, kaupapasa kidogo mto ukae sawa.

Mtangazaji kageuka. Katazama kitanda. Katazama nembo. Kanitazama mimi, kidole juu: niendelee, au nipige wimbo mwingine?

Spika kapotea dirishani. Shangazi kafunika uso kwa viganja, lakini anachungulia.

Baba, bila kufumbua macho: "Mwambie aje. Nalilalia mwenyewe."

Wimbo unafifia. Nimemwitikia mtangazaji kwa kichwa: endelea. Anakiinua kipaza sauti, na mimi naiweka kalam—