Uso Laini Niliouosha

Mdogo wangu Zuwena,

Salamu nimekwisha kukutolea kaburini, pamoja na wengine. Haya ni yangu na wewe tu, na nakwambia mapema: nina hasira nawe.

Leo nimekwenda dukani Mtambile kununua sabuni. Wanawake waliokuwa wakizungumza wakanyamaza nilipoingia, lakini nilishasikia: "Figo ya dadaake ilikuwa mbovu, maskini." Wananitazama kama mtu aliyempa mwenziwe chakula kilichochacha. Na Mama, Mama yetu huyu huyu, juzi kaniuliza kwa sauti ya chini, "Hebu nambia mwanangu, weye ulikuwa mzima kweli ulipompa mwenzio?"

Niliinuka nikaenda kuanua karafuu.

Unakumbuka nywele zilivyoanza kukuota? Kwanza juu ya mdomo, kisha mashavuni. Daktari kule Dar akatueleza kuwa ni vile vidonge vya kuuzuia mwili wako usiikatae figo yangu. Hata panya wa maabara, wale wanaozaliwa vipara, walipopewa dawa ile waliota manyoya. Ukajifunika mdomo kwa mtandio: "Basi miye n'panya wako, Dada." Tulicheka mpaka daktari naye akacheka. Nikakwambia, usizichukie nywele hizo, maana zikiwapo najua figo yangu inalindwa. Nilidhani umenielewa.

Ulipoposwa, zikatoweka. "Nanyoa kila asubuhi," ulisema, nami nikakuamini. Siku ya harusi somo wako, aliyekufunda, alikusugua kwa singo ya liwa na maua, uso unang'ara, na mimi nikapiga vigelegele kuwashinda wote. Mjinga mimi.

Kisha ukaugua. Kule hospitali Chake hukuwa na nguvu ya kushika kijiko, seuze wembe, na hapana aliyekunyoa. Nilikuwa nakufuta jasho, akili yangu iko kwenye pumzi zako tu. Ni siku ya kukuosha ndipo nilipopitisha kitambaa juu ya mdomo wako, nikahisi. Palikuwa laini. Mashavu laini, kama ulipokuwa mwari. Mkono ukanisimama. Nywele za kunyolewa zingekuwa zimeshaota siku zote zile. Hukuwa ukinyoa, Zuwena. Uliacha dawa.

Bi Time, tuliyekuwa tukikuosha naye, akaniuliza, "Una nini?" Nikasema maji ni ya baridi.

Mimi nilipasuliwa ubavu kwa ajili yako. Kovu bado linaniwasha mvua zikikaribia. Nilikupa kipande cha mwili wangu, wewe ukakibadilisha na mashavu ya bibi harusi! Na mumeo alikwambia mbele yangu kuwa kakupenda hivyo hivyo, na nywele zako. Hukumwamini yeye, na mimi ukanidanganya ukinitazama machoni. Ungeniambia. Ningekunyoa mwenyewe kila asubuhi, wallahi ningekunyoa.

Sasa nimwambie nani? Bibi alitufundisha kuosha, akatufundisha na hili: alichokiona muoshaji kinazikwa na maiti. Umeniachia siri ambayo siwezi hata kujitetea nayo.

Nenda, mdogo wangu. Mungu akusamehe na akupanulie kaburi lako; mimi bado sijaweza. Lakini sitara yako nitaishika. Mama akiniuliza tena, nitamwambia huenda kweli figo yangu ilikuwa mbovu.

Dada yako