Mwamuzi wa Kiti cha Dirishani

Ijumaa, 10 Januari

Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda kwa kinyozi Mikail, kama ilivyo ada. Theluji imegeuka tope. Nimetembea kwa hadhari ya mzee. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekataza kikaliwe. Watu waliingia, wakakitazama, wakasimama.

Bwana Gadson ndiye aliyefungua baraza. Yeye ni Mbaptisti, dereva mstaafu wa treni, na hajapata kuona haya kubishana nami hata nikiwa nimetoka kuhutubia msikitini. Alisema timu yetu ya mpira wa kikapu imefungwa jana kwa sababu mpira ukigonga ringi na kurudi hakuna anayeukimbilia. Basi aletwe Moses Malone, yule nyota wetu wa zamani, Mungu amrehemu, asimame pale chini ya ringi, na Philadelphia itwae ubingwa kabla joto halijaingia. Mikail, wembe mkononi, akauliza ni nani wa sasa atakayekaa benchi. Gadson akajibu kwamba hakai mtu.

Hapo ndipo sote tulipogeukia dirishani.

Maana sheria ya kibaraza hiki ni kongwe kuliko ndevu za Mikail. Ukimleta mchezaji wa zamani, mtoe mmoja wa sasa. Na umlete pamoja na dosari zake, si sifa zake peke yake. Msimamizi wa sheria hiyo ni Sulayman Tate, mwalimu mstaafu wa hisabati, rafiki yangu tangu ujana wetu. Angemwambia Gadson, kwa ule upole wake wa kuudhi: "Ndugu yangu, hao ni sita, na uwanjani huingia watano. Na refa umekwisha kumpa chake?" Leo hakuna aliyesema neno. Gadson mwenyewe aliivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Sulayman yuko hospitali. Kiharusi kimemnyima upande wa kulia na ulimi wote.

Nimeongoza sala miaka mingi. Watu hunipisha mlangoni. Hukubali nisemalo kabla sijalimaliza. Katika mji huu mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiniambia kwamba nimekosea — na aliniambia mbele za watu, juu ya mpira wa kikapu. Sikujua kwamba mtu aweza kuona kiu ya kukosolewa. Leo nimeiona.

Jumamosi, 11 Januari

Hospitali, baada ya Adhuhuri. Nimemsomea Suratu Rahman mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa darini. Sikujua kama anasikiliza au analala macho wazi.

Kisha, kwa kukosa la kusema, nikamsimulia ya kwa Mikail. Nikamweleza hoja ya Gadson kama ilivyotolewa: Moses anaingia, hatoki mtu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya wangu. Ukanibana. Si kidogo!

Nikamwita binti yake, Naima, aliyekuwa akikunja nguo karibu na dirisha. Alikuja, akatazama, akaushika ule mkono. Ulikuwa umekwisha kulegea. "Vidole hujikunja vyenyewe, Ami," akaniambia. "Mimi nami nilifurahi mara ya kwanza."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeifuta furaha hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na asingependa nyingine imwagike.

Jumatatu, 13 Januari

Jana na leo nimempelekea hoja zangu mwenyewe. Nimeziandaa kama ninavyoandaa hotuba. Jana nilimleta Maurice Cheeks, mwingine wa zamani, aulete mpira kwa utulivu, nikamtoa kijana mmoja mwenye haraka, nikataja na dosari: Cheeks hakupenda kurusha kutoka mbali, na zama hizi kila mtu hurusha kutoka mbali. Leo nimemleta Moses tena, safari hii kwa sheria, mtu ameingia na mtu ametoka.

Hakuna. Mkono umelala kama glavu iliyosahauliwa.

Tulifundishwa chuoni kwamba neno "lau" humfungulia shetani mlango. Lau ningefanya hivi, lau ingekuwa vile — mja asiseme hivyo juu ya lililokadiriwa. Na mchezo wetu wa kwa Mikail wote ni lau. Lau Moses angekuwapo. Lau Wilt Chamberlain. Kwa miaka nimejitetea nafsini kwamba hatupingi kadari, tunawakumbuka tu watu waliotufurahisha tulipokuwa na magoti mazima. Sina hakika tena. Leo njiani kurudi nilijiuliza: iwapo sheria yataka mtu atoke ndipo mwingine aingie, ningemtoa nani ili nimrudishe Sulayman wa msimu wa vuli uliopita, mwenye ulimi na dharau zake? Nikajikuta nimejitoa mimi. Bila kusita.

Nimeomba msamaha. Lakini jibu halikubadilika.

Jumanne, 14 Januari

Naima amenizuia koridoni. Amekonda. Anaishi Baltimore, ana kazi na watoto, na tangu baba yake aanguke amekuwa akilala kwenye kiti cha wageni.

Amenieleza yote bila kuzunguka. Keshokutwa atakuja mtaalamu wa usemi kumpima. Ikidhihirika kwamba baba yake anaelewa aambiwalo, atahamishiwa wodi ya mazoezi, hapa hapa mjini, wamfundishe kusema upya, bima italipa. Isipodhihirika, bima hailipi mazoezi kwa mtu asiyeelewa. Hapo atamchukua kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu naye, Baltimore, na nyumba ya baba yake hapa itafungwa.

Nikamwambia huko atakaa na watu wasiomjua.

"Ami, na hapa anamjua nani?" akaniuliza. "Namwita, hageuki. Ninaweka picha ya mama mbele yake, hageuki. Wewe unakuja na mpira wako wa kikapu, unaona ishara. Sikulaumu. Ila mimi nimechoka kutumaini, na lazima mmoja wetu aweze kujaza karatasi zao."

Baada ya Alasiri nikarudi kitandani, nikampa hoja ambayo naamini ni bora kuliko zote nilizowahi kutoa, juu ya ulinzi. Nimeipima usiku na mchana. Hata mimi iliniridhisha.

Hakukunja kidole.

Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda kwa Mikail ingawa si siku ya ada. Gadson ndiye mteja pekee aliyekuwapo, akisubiri kunyolewa kichwa ambacho hakina nywele. Nikamweleza yote, la kesho na la Baltimore. Alinisikiliza kwa subira ambayo sikuizoea kwake. Kisha akanihoji kama wakili.

"Shehe, Jumamosi ulimpelekea hoja ya nani?"

Nikasema ya kwake, ya Moses na wachezaji sita.

"Akakubana mkono. Na tangu Jumapili?"

Nikasema zangu. Zilizopimwa, zenye kuingiza na kutoa, zenye dosari.

Akacheka mpaka Mikail akamwambia atulie. "Basi umejinyoa mwenyewe. Sule lini alijichosha kwa hoja iliyo sawa? Ukisema jambo likasimama, ananyamaza, anafungua gazeti lake. Hivyo ndivyo tunavyojua tumeshinda humu. Mtu amekukubalia siku tatu mfululizo, hajapata kumfanyia hivyo binadamu yeyote, na wewe unamfungia mizigo ya Baltimore!"

Nilikaa. Nilikaa kwenye kiti cha dirishani bila kujua, na hakuna aliyeniinua.

Kweli tupu. Miaka yote hii kimya chake ndicho kilichokuwa ushindi wetu. Mimi ndiye niliyekitafuta kuliko wote, kwa kuwa kwangu kilikuwa adimu. Sasa nimekipata mara tatu, nikakililia kama msiba.

"Mpelekee upuuzi," Gadson akasema. "Ukikosa wako, chukua wangu. Ninao wa kutosha."

Tukachagua pamoja. Sekunde za mwisho, timu yetu iko nyuma kwa pointi moja, mchezaji amechezewa vibaya na kuna mitupo miwili ya bure. Ni nani wa zamani utakayemleta airushe? Mimi niseme: Wilt Chamberlain. Mtoto huyu wa mji wetu angeweza kufunga akiwa na watu watatu mgongoni. Bali ukimsimamisha peke yake kwenye mstari, hakuna anayemsumbua, mpira ulimkataa maisha yake yote. Hapa hata mtoto anayecheza kwa kikapu cha taka analijua hilo.

Nimetatizwa na jambo moja. Nimpelekee mgonjwa neno ambalo siliamini? Gadson amenikumbusha usiku mmoja kule Hershey, Wilt alipofunga pointi mia, na mitupo ya bure ikaingia takribani yote. Kwa hiyo yawezekana. Sitakuwa nimesema uongo. Nitakuwa nimesema upuuzi, na hilo nimelifanya mara nyingi bila kukusudia.

Alhamisi, 16 Januari

Naandika nikiwa koridoni, kwenye kiti cha plastiki. Niandike kwa mpangilio.

Mtaalamu ni mwanamke wa makamo, Bi Lindqvist, sauti ya chini, viatu visivyolia. Alimwomba Sulayman autazame mlango. Hakuutazama. Akamwomba ainue kidole. Akamwomba afumbe macho. Aliuliza kila jambo mara mbili, akangoja, akaandika. Naima alisimama miguuni pa kitanda. Katikati ya maswali aliacha kumtazama baba yake, akawa anatazama ile kalamu.

Nikaomba ruhusa niseme naye. Bi Lindqvist akaitazama saa yake, akasema nina dakika chache.

Nikainama. Nikamwambia: Sulayman, tuko nyuma kwa moja. Muda umekwisha. Mitupo miwili. Namleta Wilt.

Kimya. Nilikijua kimya hicho. Nikadhani: amekubali! Hata hili amekubali. Basi hayupo tena.

Kisha mkono wa kushoto ukatoka chini ya blanketi. Haukunibana. Haukunigusa. Uliteremka mpaka ukaning'inia kando ya kitanda, kisha ukapanda taratibu kwa mbele, kiganja juu, kutoka usawa wa goti mpaka kifuani, kama mtu anayetupia maji motoni. Ukabaki hewani. Ukashuka.

Ee Mola wangu. Nilikuwa nimesahau. Gadson alisahau. Mwaka ule wa Hershey Wilt alikuwa akirusha mitupo ya bure kutoka magotini, mpira chini, mikono inapanda pamoja. Iliingia. Baadaye akaona haya kuonekana anarusha kama mtoto, akaacha, na mpira ukamkataa tena. Sulayman hakunikatalia. Hakunikubalia pia. Alinipa hukumu: mlete, lakini arushe vile.

Nimewaeleza. Najua nilizungumza kwa haraka, kinyume na desturi yangu. Naima alinisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Kisha akasema, karibu kwa kuniomba: "Ami, mkono umeinuka tu. Umeinuka, umeshuka. Hayo mengine umeyaweka wewe."

Na vipi nimpinge? Mimi ndiye niliyeutamani. Mwenye kutamani si shahidi mwema. Hilo nami nimelihubiri.

Bi Lindqvist hakuandika kitu. Aliutazama ule mkono muda mrefu, kisha akanigeukia. Alisema hajui lolote juu ya mpira wa kikapu, hajatazama hata mchezo mmoja, na kwamba kwa leo hiyo ni nafuu kubwa. Akanitaka nimpe hoja nyingine ya kipuuzi, nimwandikie, nitaje na atakayetoka. Nisimweleze upuuzi wake uko wapi. Kisha nitoke nje, ili uso wangu usimsaidie mgonjwa. Atamsomea yeye. Naima atabaki, kwa kuwa binti naye hajui mpira. Baba yake alijaribu kumfundisha, akashindwa.

Nikaandika: Moses Malone aingie, atoke mrushaji wetu wa mbali, na Moses, ambaye ufalme wake wote ulikuwa chini ya ringi, asimame mbali, kwenye mstari wa pointi tatu, pembeni kabisa, asisogee, angoje mpira umfikie arushe. Ni hoja mbaya kuliko zote nilizopata kuziunga mkono. Nimemtaka radhi marehemu.

Mlango umefungwa. Alasiri inakaribia. Nimejaribu kuleta uradi. Ulimi unasoma, sikio liko mlangoni. Bi Lindqvist anasoma. Analitamka jina la Malone vibaya. Amefika kwenye mstari wa pointi tatu. Amemaliza.

Hakuna sauti. Nami najizuia nisikipe kimya hicho maana yoyote.

Kiti kimesogezwa, kama mtu ameinuka ghafla. Bi Lindqvist amesema jambo fupi, la kuuliza, sikulisikia. Sasa Naima. Anasema, "Baba, wapi? Nionyeshe tena. Hapa? Atoke pembeni, asogee hapa —"