Kiti cha Zamu ya Mchana

Jumatatu, 3 Februari

Simu za wazazi tangu asubuhi. Mafua. Basi limewaacha. Mtoto kagoma kuamka. Nimejaza yote kwenye kompyuta. Saa sita kamili kaja Mama Assia na salamu yake ya Kireno ya chinichini. Nikamsogezea daftari la kutokea na kalamu, kaweka sahihi, kaondoka na binti yake, vipindi bado vinaendelea. Hivyo kila siku tangu Septemba. Sijaona hapa Woodbridge, huku ughaibuni, mzazi anayeichukia shule namna hii. Mtoto ana miaka kumi na miwili, na mwalimu wa hesabu, ambaye kipindi chake ni baada ya chakula, hamjui hata sura.

Ananiudhi huyu mama.

Jumanne, 4 Februari

Bi Denise, mkuu wa ofisi yetu ya mahudhurio, kanipa barua nimkabidhi Mama Assia mkononi. Kikao ni Ijumaa. Wakuu wasiporidhika na maelezo ya mama, faili linakwenda mahakamani na mtoto anarudia darasa. Barua ni ya Kihispania. Nikasema huyu faili lake limeandikwa Kireno, nadhani ni Mwangola. Kanijibu zinakaribiana. Nikauliza barua za mwanzo. Kihispania. Simu za jioni ambazo kompyuta inawapigia wazazi? Kihispania.

Na huyu Bi Denise alisoma Kiswahili chuoni, kila asubuhi "habari gani, dada". Mwandikie yeye barua ya mahakama kwa Kifaransa uone. Ningemtukana kama si kibarua changu.

Jumatano, 5 Februari

Nimejichukia leo.

Nimempa barua. Kaigeuza mbele na nyuma, kaikunja. Kisha kamwuliza binti yake: "Carteira umeipangusa? Usimwachie mwenzio uchafu." Kwa Kiswahili, dawati tu kalitaja kwa Kireno. Cha ng'ambo ya Ruvuma, nakijua, mimi ni mtu wa Mtwara. Miezi mitano namsogezea kalamu kimya kwa sababu faili linasema Kireno.

Nikamwuliza, mwenzake yupi?

"Wa turno ya mchana, dada. Assia ni wa asubuhi."

Kwao Msumbiji shule ni za zamu: wa asubuhi wakitoka, wengine wanaingia na kukalia madawati yale yale. Hapa kaambiwa shule inaanza saa mbili, akajua binti kapangiwa asubuhi. Saa ya kutoka imo kwenye kijitabu cha wazazi. Cha Kihispania. Hotelini anakofanya usafi kaomba ruhusa ya kila siku aje kumchukua, asije binti akamkalia kiti mtoto wa mwenzake. Assia aliona wenzake wanabaki. Mama kamwambia hao wamepewa zamu zote mbili, usiwaonee wivu.

Kiti hakina mtu mwingine. Kiko kitupu tangu Septemba. Nilipomwambia, kakaa kwenye benchi la watoto wagonjwa.

Na mimi mwenyewe darasa la kwanza nilisoma zamu ya mchana.

Alhamisi, 6 Februari

Bi Denise kasikiliza yote, kasema kutojua si sababu, mfumo umeshaandika utoro. Mfumo. Nikaenda chooni nikaupiga ukuta ngumi. Kidole kimevimba. Ujinga mtupu.

Kabla ya kutoka nimelitia daftari la kutokea kwenye begi.

Ijumaa, 7 Februari

Kikao. Mwalimu mkuu, Bi Denise, Mama Assia, na mimi mkalimani wa dharura. Bi Denise kasema mama huyu anamtorosha mtoto. Nikafungua daftari. Kila mstari una sahihi mbili: ya mama, na ya mfanyakazi aliyemruhusu. Mimi. Nikasema mtoto hatoroshwi huku sisi tunamfungulia mlango, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kwa nini. Kama ni mahakamani, twende wote, mimi na kalamu yangu. Sauti ilinipanda. Siombi radhi.

Mama Assia kaniuliza wanasema nini. Nikamwambia. Kajibu taratibu: "Waambie, kama kile kiti kweli ni chake, nakiomba."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mwalimu mkuu kavua miwani, kainama kusoma ule ukurasa upya.

Mahakamani faili haliendi. Assia hatarudia darasa akifaulu hesabu mwezi Juni. Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa lugha isiyofaa. Lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza, nimelielewa vizuri sana.

Jumatatu, 10 Februari

Theluji kidogo. Simu, mafua. Bi Denise kanisalimia, nikaitikia.

Saa sita nikatazama mlango. Daftari wazi, kalamu juu yake. Hakuja mtu.

Saa saba nikapita darasa la hesabu kuchukua fomu ya mahudhurio. Assia yuko safu ya nyuma, kakaa kwenye ncha ya kiti, begi bado mgongoni, macho mlangoni. Mwalimu kamwita jina. Kaitikia.

Nikasubiri kidogo pale nje. Baadaye kalivua begi.