Nilimfungia Baba Mkwe Mtungi wa Oksijeni

Mpendwa mshauri Bana Mpundu,

Naomba unisaidie, maana nimeshinda na ushindi wenyewe umenikwama kooni. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kitwe, katika karakana ya baba mkwe wangu, mzee Kapotwe, ambaye amenipa binti yake Kasuba na kazi pia, na kwa kuwa ukoo wao unashika mila, mimi mkwe ambaye sijapikiwa chakula cha icilanga mulilo, yaani cha kumwonyesha mkwe moto, simsemeshi mzee ana kwa ana hata tukiwa tumeshika chuma kimoja, nikitaka nyundo namwambia Lombe, msaidizi wetu, Lombe anamwambia mzee, mzee anamjibu Lombe, Lombe ananiletea jibu, na wote watatu tumesimama mahali ambapo mtu angeweza kumpa mwenzake nyundo kwa kunyoosha mkono tu. Tumezoea, wala sikulalamika hata siku moja.

Sasa mgodi ukatuletea ndoo ya ekskaveta, ile ya kuchotea mawe, imepasuka kwenye mshono wa zamani, wakasema tukiiweza hii basi kazi zao zote za ndoo ni zetu, na mzee aliposikia hivyo hakulala vizuri tena. Ndoo kama ile huwezi kuchomelea juu ya ufa, ni sawa na kupaka rangi ukuta uliooza, lazima uuchimbe mshono wote wa zamani mpaka ukute chuma kizima, na sisi tunachimba kwa fimbo ya kaboni, umeme mkali unayeyusha chuma kwenye ncha ya fimbo na upepo wa kompresa unaotoka kwenye matundu ya koleo linaloishika fimbo unapuliza ule uji wa chuma unauondoa, kinabaki kifereji safi kinachong'aa. Mashine ya umeme tulikuwa nayo, fimbo zenye ganda la shaba tulikuwa nazo, koleo tulikuwa nalo, ila kompresa ikakohoa ikafa, na tulipoazima ile ndogo ya wajaza matairi jirani upepo wake ulikuwa unakatika katikati ya kazi na uji wa chuma unagandia palepale, mtu wa mgodi naye anarudi kesho yake.

Ndipo mzee akamwambia Lombe aufunge mpira wa upepo kwenye mtungi wa oksijeni. Nikamwambia Lombe, mwambie baba hiyo siyo hewa ya kupuliza, hiyo ni chakula cha moto, fimbo itawaka nzima na koleo litawakia mkononi, na mpira ule umeshalowa mafuta ya kompresa kwa ndani, oksijeni ikikutana na mafuta hailazimiki hata kungoja cheche. Lombe akaenda, akarudi.

"Mzee anasema, mwambie mkwe wangu hewa ni hewa, na hii ya mtungini imeoshwa."

Nikamtuma tena, nikasema mwambie baba namheshimu lakini nimeshaona picha za mkono wa mtu aliyefanya hivyo, Lombe akaenda akarudi, mzee anasema mwambie mkwe wangu nilikuwa nachomelea kabla mama yake hajaolewa. Na wakati Lombe ananisimulia hayo kwa utaratibu wake, maana Lombe hana haraka hata mvua ikimnyeshea, nikamwona mzee mwenyewe ameshafunga mpira, amevaa kofia ya kioo, ameshika koleo kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto ameanza kufungua mtungi. Sikumtuma Lombe tena. Niliruka juu ya ndoo, nikamsukuma mzee mkono, nikafunga mtungi, nikachomoa ufunguo wake nikautia ndani ya buti yangu, na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukasema mbele ya karakana nzima:

"Ukitaka kufa, kafie nyumbani kwako, siyo mikononi mwangu!"

Mzee alivua kofia, akaniangalia, akaenda kukaa kwenye benchi. Nikatoka mbio kwa wajenga barabara, nikawaomba ile kompresa yao kubwa ya kukokota, wakanipa, nikarudi nayo, nikaanza kazi. Na hapa nijisifu kidogo, kwa sababu sijawahi kuchimba hivyo maishani: upepo kwanza, cheche baadaye, fimbo nimeishika karibu, matundu ya hewa yapo chini yake, mkono unasonga mbele bila kutetemeka, ule uji unaruka hadi ukutani kama vile ndoo inatapika moto, na mshono ukatoka wote, ufa ukatoka mpaka mzizi wake. Nikiwa hata sina koti la ngozi, nimevaa fulana tu, suruali nimeikunja kwa joto, masikio wazi, na sikuhisi kitu.

Usiku tukachomelea upya, kesho yake mtu wa mgodi akapaka dawa yake nyekundu ya kutafutia nyufa, akapangusa, akaangalia, akapaka tena, akasema ndoo ipandishwe, na kazi zote tumepewa! Mafundi walinibeba, mama wauza vitumbua waliingia wakicheza na mabeseni yao kichwani, na kuna mjinga mmoja akapaza sauti kwamba mkwe amemwonyesha baba mkwe moto kabla ya yeye kuonyeshwa, watu wakafa kwa kicheko, na mzee alikuwa amesimama palepale.

Shida yangu ndiyo hii. Chakula cha icilanga mulilo kilikuwa kimepangwa, kuku wameshanunuliwa, mama mkwe amealika ukoo, na sasa shibukombe, mshenga wangu, ameletewa ujumbe kwamba sufuria hazitawekwa jikoni mpaka niende nipige magoti niseme nimekosa. Nikisema nimekosa, si nimekubali kwamba oksijeni ni hewa? Kesho mwingine atafungua mtungi na mzee atasema hata mkwe wangu alikiri. Kasuba haongei nami, anasema nampigia kelele ndani ya nyumba na mimi naongea kawaida tu. Mzee naye tangu siku ile hata kupitia Lombe hanisemeshi, isipokuwa vituko vya kunikejeli: ametengeneza kompresa, ameifungia mitungi ya oksijeni kwa mnyororo mwisho kabisa wa uwanja, na juzi nimekuta koti lake la ngozi limetundikwa kwenye msumari wangu, kana kwamba mimi ni mtoto asiyejua kuvaa. Nipige magoti au nisipige?

Mimi Niliyeshinda na Kushindwa,
Kitwe

BANA MPUNDU ANAJIBU

Mwanangu, kwanza nyanyuka nikupigie vigelegele, maana nikianza kukugombeza sitakumbuka tena. Ulifanya sawasawa. Kabla ya kushika kalamu nilimpigia simu mtu anayeshughulikia usalama mgodini, nikamsomea habari ya mtungi na ule mpira wenye mafuta, akasema, mama, huyo mzee aende kanisani akashukuru. Kwa hiyo usiku usikae ukijiuliza kama ulikosea. Kwenye koleo lile ni hewa ya kompresa peke yake, ya kutosha na isiyokatika, na mtu yeyote akileta mtungi wa oksijeni karibu, ruka tena, hata akiwa ni babu wa mkweo.

Sasa keti chini.

Unaniuliza upige magoti au usipige kana kwamba kuna jambo moja tu ulilofanya siku ile. Uliyafanya mawili. Mkono wako ulifunga mtungi, na mdomo wako ulimwambia mzee aliyekulea kazini na kukupa mwanawe aende akafe. Mkono ulikuwa na haraka, sawa, Lombe angefika kwa mzee jioni. Lakini mtungi ulikuwa umeshafungwa ulipofungua mdomo! Ufunguo ulikuwa butini! Hayo maneno yalizima moto gani?

Halafu unaniandikia kwa majivuno kwamba ulichimba na fulana, suruali imekunjwa, masikio wazi. Wewe ndiye unayetaka kuwafundisha wengine? Pindo la suruali lililokunjwa ni kikombe cha kukingia chuma kilichoyeyuka, na kikishaingia kwenye buti utacheza kuliko hao mama wa vitumbua. Na Kasuba wangu maskini anakwambia unapiga kelele ndani ya nyumba, wewe unadhani ni ugomvi. Mwanangu, husikii vizuri. Kazi hiyo inapiga kelele kuliko kinu cha mawe, na masikio yakishaharibika hayauzwi sokoni. Nenda hospitali wakayapime wiki hii, na kuanzia sasa ziba masikio kwa viziba, kisha funika juu yake kwa vile vya kuvaa kichwani, vyote viwili.

Na bado sijamaliza. Kioo cheusi zaidi ya kile cha kuchomelea kawaida, maana mwanga wa kazi hiyo ni mkali zaidi. Kifuniko cha pua na mdomo cha kuchuja moshi, siyo kitambaa, kwa sababu lile ganda la shaba linapoungua mnalivuta nyote, na milango ya karakana iwe wazi. Ulisema uji wa chuma uliruka hadi ukutani. Je, ukutani kulikuwa na nini? Madumu ya dizeli na matambara yatoke kabla ya kazi, pazia la chuma lisimame, na mtu abaki na ndoo ya mchanga kuangalia hata baada ya nyinyi kwenda kunywa munkoyo wenu. Mpeni Lombe kazi hiyo. Mtu asiye na haraka ndiye anayefaa kukaa akitazama majivu.

Sasa nije kwa mzee. Hapo ndipo nilipotaka kukuvuta hilo sikio lisilosikia. Unasema hakusemeshi, anakukejeli kwa vituko. Hebu yasome tena maneno yako mwenyewe. Mwanamume wa umri ule, aliyetukanwa mbele ya wafanyakazi wake, kwa mkono wake ametengeneza kompresa. Mitungi ameifunga kwa mnyororo asiweze hata yeye mwenyewe kuifikia kwa pupa. Kisha akavua koti lake la ngozi, lililomlinda miaka yote hiyo kabla mama yako hajaolewa, akalitundika kwenye msumari wako. Hiyo unaiita kejeli? Mzee amekuomba radhi, tena bila kumtuma mtu. Ulikuwa unangoja apige magoti yeye?

Kwa hiyo sikiliza, na usiongeze cha kwako. Jumamosi vaa koti hilo, hata kama jua linawaka, mchukue shibukombe wako, wala usimtangulie njiani. Ukifika uani, piga magoti, piga makofi kama ulivyofundishwa, na shibukombe akishakuombea nafasi, sema hivi: "Baba, mdomo wangu ulikukosea. Mtungi nitaufunga tena." Basi. Wajomba wakinung'unika kuhusu hilo la pili, lirudie polepole ukiwa bado magotini. Magoti hayajawahi kumzuia mtu kusema kweli. Na Jumatatu, wewe na mzee mkubaliane, kwa mila ile ile mnayoipenda, kwamba palipo na moto kila mtu anamsemesha kila mtu, mkwe au si mkwe, na heshima irudi moto ukishazimwa.

Na siku chakula kitakapopikwa, keti kwenye mkeka wakuletee. Wataleta kuku mzima, wataleta nshima, wataleta kisamvu cha karanga, na utaona mama mkwe wako ameweka vingi kuliko ulivyotarajia, na Kasuba anasonga nshima karibu naye. Usimuulize kwa nini macho yake yamevimba. Anajua kwamba sufuria zile zile, kwa wageni wale wale, zingekuwa zinapika chakula cha matanga ya baba yake.

Kula mpaka ushibe.